"Nguvu ya Umeme" ni Nguvu Ipi?

Itakumbukwa kuwa Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Wanafunzi wetu hapa Juba hukutana na Kiswahili cha redio, cha magazeti na cha mafundi kutoka nchi jirani. Katika toleo hili tunapenda kuhakiki kirai kimoja tu: "nguvu ya umeme".

Kirai hiki kimebebeshwa mzigo mzito mno. Fundi akionya kwamba waya fulani una nguvu kubwa, anakusudia volti. Mtangazaji akitaja nguvu ya mtambo wa megawati 33 uliozinduliwa Juba mwaka 2019, anakusudia wati. Mwenye nyumba akilalamika kuwa birika linakula nguvu nyingi, anakusudia uniti anazolipia. Mwanafunzi anayeanza atavitofautishaje?

Istilahi zipo. "Mkondo", unaopimwa kwa ampea, kwa maoni yetu ni istilahi nzuri kuliko zote. Aliyewahi kusimama kando ya Nile haihitaji maelezo marefu. Ni kiasi cha umeme kinachopita wayani kila sekunde. "Ukinzani", unaopimwa kwa omu, nao unajieleza. Volti ni msukumo, kama wa maji yatokayo kwenye tangi lililoinuliwa juu. Zidisha volti kwa ampea, utapata wati, yaani kasi ya kutumia nishati.

Penye utata hasa ni uniti. Uniti moja ni kilowati moja iliyotumika kwa saa moja. Hiyo ni nishati, wala si kasi yake. Birika la wati 2,000 likiwaka nusu saa limemaliza uniti moja. Basi anayeandika "mtambo huzalisha megawati 33 kwa siku" ni kama anayesema gari hukimbia kilomita 80 kwa saa kwa siku.

(Tanzania husema nishati, Kenya husema kawi, hadi katika majina ya wizara. Hatuoni ubaya, mradi mwalimu aseme ni kitu kimoja.)

TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, lakini ni nadra kuiona katika darasa la lugha, kana kwamba fizikia si Kiswahili. Wakati huohuo mwanafunzi ananunua sokoni Konyo Konyo taa ya sola ya volti 12, wati 10. Nyumbani ana taa nyingine ya wati 10, ya volti 230. Kwa Kiswahili tulichomfundisha, taa hizo zina "nguvu" sawa. Akiichomeka ile ya sola kwenye umeme wa nyumba, inaungua papo hapo.