Usitazame Sponji, Tazama Kishikio

Nimechoka kusikia watu hapa kwetu Mubi wakisifu magongo ya kutembelea kwa sababu yana sponji nene kwapani. Sponji nene ni dalili ya fundi anayeficha kosa: gongo ni refu mno. Mgonjwa huliegemea kwa kwapa, mshipa wa fahamu unaopita hapo unabanwa, na siku zikipita kiganja kinalegea, vidole havinyanyuki. Alikuja na mguu mbovu, sasa ana mkono mbovu pia.

Kwapa halibebi mwili. Viganja ndivyo vinavyoubeba. Kwa hiyo kazi yote iko kwenye kishikio, na hapo ndipo mnunuzi asiyejua asipopatazama kamwe. Mgonjwa asimame wima, amevaa viatu vyake vya kila siku, mikono ikining'inia. Kishikio kilingane na mkunjo wa kifundo cha mkono. Akikishika, kiwiko kipinde kidogo, nyuzi 15 hadi 30, na kati ya kwapa na gongo vipite vidole viwili au vitatu. Kikiwa chini mno, mtu anainama na mgongo unamuuma. Kikiwa juu mno, mabega yanapanda hadi masikioni. Tazama na unene: kijiti chembamba hukata kiganja na kutia vidole ganzi. Kishikio cha haki kina umbo la yai na kinajaza mkono.

Mafundi wa zamani hawakukaza kishikio kabla mwenye gongo hajafika. Walitoboa matundu kadhaa, wakatia bolti, wakamtembeza uani, wakahamisha tundu moja, wakamtembeza tena. Matapeli wa leo hupigilia msumari kwa kipimo kimoja, awe mtoto, mama au mchimbaji aliyeumia kwenye mgodi wa Bisie, kisha hupaka vanishi juu ya fundo la ubao. Gongo litakatikia hapo hapo kwenye fundo.

Ubao uwe wa mti wa libuyu, tena uliokauka. Gongo la aluminiamu ni jepesi na lina vitundu vya kurekebisha urefu, lakini halifai kitu kama muuzaji hakulirekebisha. Atakayetembelea magongo maisha yake yote achukue ya kiwiko, ambayo hayagusi kwapa; pete yake ikae chini kidogo ya kiwiko, isikibane. Mpira wa chini uwe mpana, maana kwenye tope la njia ya kwenda Njingala mwembamba huzama. Mistari yake ikifutika, badilisha siku hiyo hiyo.

Kwa anayetafuta wataalamu, Goma kuna kituo cha Shirika la Umoja, kinachotengeneza viungo vya bandia. Lakini Goma ni mbali, na wengi wetu tutanunua kwa fundi wa jirani. Basi usimlipe fundi kabla hajakusimamisha, akakupima na kukuona ukitembea. Anayeuza gongo bila kukupima anakuuzia ugonjwa wa pili.