Sufuria ya Katwe Huanzia Guniani

Chuma kikiingia motoni hutoa taarifa. Huanza na rangi ya damu ya mzee, kikapanda kwenye chungwa, kikakaribia manjano, na mhunzi hupiga nyundo kwa kuisoma rangi hiyo. Alumini haisemi kitu. Mchana wa jua kali hubaki na weupe wake ule ule mpaka ifike nyuzi 660 za Selsiasi, kisha inalegea ndani ya chombo. Anayengoja iwe nyekundu ndipo aimimine amekwisha chelewa. Imepitiliza, imekunywa hewa, na sufuria itakayotoka itakuwa na vitundu vidogo ambavyo havitaonekana mpaka siku mama wa watu atakapobandika maji na kuona jiko linazimika.

Mafundi wanaosubu masufuria Katwe na Kisenyi, mitaa miwili ya Kampala iliyo chini ya kilima cha Mengo, hawana kipimajoto. Wanautazama uso wa alumini: unavyometa, unavyojikunja pembeni, na jinsi utando wa juu unavyorudi ukishakwanguliwa. Wengine huchovya ufito wa chuma mkavu na kuangalia kama alumini inaung'ang'ania au inateleza. Watu huwasifu mafundi hawa kwa maneno mepesi, kwamba ni wabunifu, ni wachapakazi, wanageuza takataka kuwa mali. Sifa hizo hazina kosa, ila zinairuka kazi yenyewe. Mimi ninachokistahi ni kujua kwao, na kujua huko huanza mapema sana, kabla mkaa haujawashwa.

Huanzia guniani. Wakusanyaji huzunguka mitaani, kwenye magereji na majalala, wakileta kwa kilo walichookota au kununua: bawaba, vipande vya mabati, fremu za madirisha, makopo ya soda, pistoni, vifuniko vya injini za bodaboda, mashine za friji, nyaya. Mizani ikishasema, gunia humwagwa chini na mchambuzi huchuchumaa. Sumaku hupita kwanza na kuondoa chuma, ambacho kina safari yake: hupakiwa malori na kwenda kwenye viwanda vya kuyeyusha, Jinja na kwingineko, kikarudi mjini kama nondo. Kinachobaki ndicho kinachotaka mtu.

Chukua kabureta ya zamani. Kwa macho ni alumini tupu: nyeupe, imefubaa, haishikwi na sumaku. Mchambuzi anaipokea kiganjani na mara hiyo hiyo anaitupa upande wa pili. Ni zinki. Zinki ina uzito zaidi ya mara mbili na nusu ya alumini kwa ukubwa ule ule, na mkono uliozoea hauhitaji kuambiwa. Vipande vichache vya zinki vikiponyoka vikaingia kwenye chungu cha kuyeyushia, sufuria itaonekana nzuri siku ya kwanza na kupasuka ukingoni siku itakapoanguka. Kipande chenye mashaka hupigwa tupa kidogo, hutazamwa rangi ya ndani, au huachiwa kidondoke kwenye jiwe ili kisikilizwe. Yote hayo huchukua muda mfupi kuliko ninaoutumia kuyaeleza.

Halafu alumini yenyewe nayo huchambuliwa. Pistoni ndiyo inayopendwa, kwa kuwa viwanda viliichanganya na silikoni, na silikoni huifanya ikimbie vizuri ndani ya kalibu na kujaza pembe zote. Waya wa umeme ni alumini karibu safi, laini, lakini peke yake hukimbia kwa uvivu na hunywea sana inapopoa. Makopo ya soda ni membamba mno, na sehemu kubwa huishia kuwa takataka za juu ya chungu. Fundi mzuri huchanganya: pistoni nyingi, fremu za madirisha kiasi, waya kidogo. Hana cheti cha madini. Ana kumbukumbu ya masufuria yaliyomharibikia.

Kitu cha mwisho kinachoangaliwa ni unyevu. Kipande chenye maji kikizamishwa ndani ya alumini iliyoyeyuka, maji hugeuka mvuke papo hapo na kuirusha alumini juu. Kwa hiyo vipande hupangwa kandokando ya tanuri vikaukie kwanza. Vitu vilivyozibwa pande zote hupasuliwa kwa tindo. Ukiona fundi ana makovu madogo ya duara mikononi, mara nyingi hayo ndiyo yaliyomfunza.

Sasa mchanga. Kalibu ya sufuria ni mchanga laini uliochanganywa na udongo wa mfinyanzi, mweusi kwa kuungua mara nyingi, kwa sababu hautupwi. Huchekechwa, hunyunyiziwa maji, hutumika tena. Kipimo chake ni kiganja: ukiufumbata lazima ukae kama tonge, ukilivunja livunjike mara moja bila kumomonyoka. Ukiwa mkavu, kuta za kalibu zitaanguka. Ukiwa na maji mengi, mvuke utachemka ndani na kuharibu sura ya sufuria.

Sufuria ya mfano hufunikwa chini kifudifudi ndani ya fremu ya mbao, mchanga hushindiliwa ndani yake na nje yake, na kati ya pande mbili hupakwa majivu ili zisishikane. Kisha fundi hugongagonga mfano kwa mpini wa nyundo, taratibu, kuzunguka ukingo mzima, mpaka mchanga uuachie. Hapo ndipo penye kazi. Fremu ya juu huinuliwa, mfano huchomolewa, fremu hurudishwa mahali pake pale pale, na kati ya mchanga wa ndani na wa nje hubaki nafasi nyembamba ya milimita chache, ambayo ndiyo sufuria isiyokuwepo bado. Mkono ukitetemeka, upande mmoja utakuwa mnene na wa pili utakuwa na tundu. Mashimo ya kupumulia hutobolewa kwa spoku ya baiskeli. Kumimina hufanywa kwa mfululizo mmoja, kwa mwendo usiobadilika, kwani alumini ikisita njiani huganda na kuacha mshono, na mshono huo utavuja.

Kuna jambo moja dogo linalonifurahisha kuliko yote. Alumini hunywea inapopoa, zaidi kidogo ya asilimia 1 kwa urefu. Kwa hiyo sufuria iliyosubiwa huwa ndogo kuliko mfano wake, na ukiifanya hiyo kuwa mfano, mtoto wake atakuwa mdogo zaidi, na mjukuu hivyo hivyo. Baada ya vizazi kadhaa, sufuria ya kupikia matooke ya msiba mzima haitoshi tena matooke ya msiba. Ndiyo sababu fundi makini hutunza mfano mmoja wa asili na hauuzi, hata mteja ang'ang'anie vipi.

Uhunzi si mgeni upande huu wa mji. Waganda wana hadithi ya Walukaga, mhunzi mkuu, ambaye Kabaka, mfalme wao, alimwamuru amfulie mtu wa chuma mwenye damu na uhai. Walukaga aliponea ushauri wa mwendawazimu: alimwomba Kabaka mizigo ya makaa ya nywele za watu na mitungi ya maji ya machozi, na Kabaka, nchi nzima ilipoishindwa kazi hiyo, akaelewa. Watoto husimuliwa kwa ajili ya ujanja wake. Mimi naiona pia kuwa hadithi ya fundi anayemwambia mkubwa kwamba kila kazi ina malighafi yake.

Na Katwe ya leo ilikuzwa na uhaba. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Viwanda na maduka mengi yaliangukia mikononi mwa watu wasioyajua, na vipuri vikawa adimu. Kinu cha kusagia mahindi kikivunjika jino, hapakuwa na pa kuagiza, kilipelekwa Katwe. Miaka ile ya magendo ndiyo iliyowafunza vijana kutazama kitu kilichokufa na kujiuliza ndani yake mna nini kingine. Vinu, vyuma vya chapati, masigiri, toroli, masanduku ya bati wanayokwenda nayo watoto shule za bweni kila muhula unapofunguliwa: vitu hivyo bado hutoka hapo.

Mazoea hayo ya kutazama ndiyo yaliyohamia kwenye vifaa vya umeme. Fundi anayepasua betri ya kompyuta mpakato ya zamani hukuta ndani yake seli sita au zaidi, kila moja kama kidole gumba kinene. Mwenye kompyuta alishaambiwa betri imekufa, lakini mara nyingi zilizokufa ni moja au mbili tu, nazo ndizo zinazoziangusha nyingine. Fundi huzipima moja moja. Iliyoshuka chini ya volti 2 haiaminiki, huiweka kando. Zilizobaki huzichaji, huziacha zilale siku kadhaa, huzipima tena kuona ipi imejishikilia, kisha huzipanga ndani ya taa ya sola au tochi ya mlinzi. Huko kulala siku kadhaa ndiko kunakomtenganisha na tapeli. Haraka ingempa pesa leo na moto nyumbani kwa mteja kesho.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 kuhusu taka za kielektroniki inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 mwaka 2022, na kwamba chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kwa Afrika kiwango hicho hakifiki asilimia 1. Sibishani na hesabu, ila najua inahesabu nini: mizigo iliyopita kwenye viwanda vyenye vibali na karatasi. Seli ya betri iliyofufuliwa Kampala haina karatasi. Serikali ya Uganda nayo imeshughulikia upande wa mlangoni. Mwaka 2009 ilipiga marufuku kuingiza friji, kompyuta na televisheni zilizotumika, na mwaka 2012 ikatoa sera ya taka za kielektroniki. Marufuku hayakumwambia mchambuzi afanye nini na vile vilivyokwisha kuingia.

Na vingine havifanyiki kitu. Televisheni za kizamani, zile zenye mgongo, shingoni zina mzinga wa waya wa shaba unaouzika siku hiyo hiyo. Baada ya shaba kutolewa hubaki kioo, na kioo cha nyuma kina risasi nyingi. Hakuna anayekinunua, kwa hiyo hutupwa, na mvua za Kampala zinajua njia ya kwenda bondeni. Nyaya nazo kuna anayezimenya kwa kisu na kuna anayezichoma ili plastiki iishe haraka. Aliyemenya hupata shaba inayong'aa na bei nzuri. Aliyechoma hupata shaba nyeusi, bei pungufu na moshi wa sumu. Kwenye biashara hii uvivu hukatwa kwenye mizani, na bado wapo wanaochoma, kwa sababu njaa haina subira ya kisu. Sisemi habari za wezi wanaokata nyaya za umeme na kufungua nguzo za laini kubwa. Hao Bunge liliwakazia adhabu mwaka 2022, na mchambuzi mwenye heshima zake huwakataa mlangoni.

Risasi ndiyo inayonirudisha kwenye sufuria. Watafiti waliopima masufuria ya kusubu nchini Kamerun, wakachapisha matokeo mwaka 2014, walichemsha asidi nyepesi ndani yake na kukuta risasi ikitoka kwa viwango vya kutisha, na risasi huharibu ubongo wa mtoto bila kelele. Hukumu hiyo haiwahusu mafundi wote. Inahusu kilichoingia kwenye chungu: lehemu za bodi za redio, mabaki ya betri za magari, vipande ambavyo mchambuzi angevitupa kando kama angelipwa kwa uangalifu wake. Chuo Kikuu cha Makerere kipo mwendo mfupi tu kutoka Kisenyi. Kina maabara na wanafunzi wa kemia wanaotafuta mada za utafiti. Kupima kipande cha ukingo kutoka kila tanuri, mara kwa mara, na kumrudishia fundi majibu bila kumpeleka polisi, ni kazi isiyohitaji mfadhili wa ng'ambo.

Wakati tukisubiri hilo, ewe unayekwenda Katwe kununua sufuria, usianze na bei. Muulize fundi ameyeyusha nini. Anayeijua kazi yake atakujibu kwa fahari, na pengine atakuonyesha pistoni zenyewe. Asiyejibu, nenda kwa jirani yake.