Sifa ya Mshono

Maji yakikupwa ufukweni Feri, pale Kivukoni, Dar es Salaam, mashua huegemezwa ubavu mchangani na mafundi wakazizunguka. Wanunuzi wa samaki huwapita bila kuwatazama, maana akili yao iko mnadani. Fundi wa kukalafati anasokota pamba iliyoloweshwa mafuta, anaipenyeza kati ya ubao na ubao, kisha anaishindilia kwa patasi na nyundo, taratibu, kutoka omo hadi tezi. Kazi hiyo huifanya kwa masikio pia. Pamba ikikaza, mlio wa nyundo hubadilika, na fundi aliyekomaa hujua kwamba mshono umeshiba.

Nahodha husifiwa na mvuvi huimbiwa. Huyu wa kalafati hakuna anayemwimbia, nami naona tunamdhulumu. Zamani mtepe wa pwani yetu ulishonwa mbao kwa mbao kwa kamba za kumbi. Baadaye ikaja misumari, kisha chuma, lakini sharti la chombo halikubadilika: bahari ibaki nje.

Ni kwa sababu ya sharti hilo naistaajabia nyambizi ya nyuklia. Silaha zake hazinivutii, na nafurahi kwamba nchi yetu imo katika Mkataba wa Pelindaba, ule unaoitaka Afrika iwe bila silaha za nyuklia. Ninachokisifu ni mkono uliounganisha chuma chake. Kila mita 10 kwenda chini, maji huongeza uzito wa karibu tani 10 juu ya kila mita mraba ya bodi. Nyambizi za Marekani za aina ya Virginia, zenye urefu wa mita 115 hivi na mabaharia zaidi ya 130, huzama kupita mita 240. Huko kila mita mraba hubeba tani 240, mchana na usiku. Ndiyo sababu bodi inayobeba uzito huo huundwa mviringo kama bomba, ili mkandamizo ugawanyike sawasawa pande zote, na kila mahali palipochomelewa hupigwa picha za eksirei au kupimwa kwa mawimbi ya sauti kutafuta ufa usioonekana kwa macho.

Ndani yake, joto la urani huchemsha maji, mvuke ukazungusha mitambo. Injini ya dizeli huhitaji hewa. Tanuri la nyuklia halihitaji, kwa hiyo chombo hakilazimiki kupanda juu kuvuta pumzi. Oksijeni ya mabaharia hutengenezwa kutokana na maji ya bahari, na maji ya kunywa vilevile. Fueli yake huwekwa mara moja, ikatosha zaidi ya miaka 30. Kinachoirudisha bandarini ni chakula kwisha. Mitambo hukalishwa juu ya mpira ili mtikisiko usifike majini, kwa kuwa nyambizi huwinda kwa kusikiliza, na yenyewe huwindwa hivyo hivyo.

Na bado, akili yote hiyo hutegemea kiungo kidogo. Tarehe 10 Aprili 1963, nyambizi ya nyuklia USS Thresher ilikuwa katika majaribio ya kuzama, mashariki ya pwani ya Massachusetts. Haikurudi. Watu 129 walikufa. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye kiungo cha bomba la maji ya bahari, kilichounganishwa kwa madini ya fedha: yaelekea kilifunguka, maji yakarukia mitambo ya umeme, tanuri likazimika, na nguvu ya kupanda juu ikakosekana. Kabla ya safari, vipimo vilikuwa vimeonyesha kwamba baadhi ya viungo vya namna hiyo havikufikia kiwango. Nikisoma habari hiyo hunishika uchungu, kwa sababu mshono ulikuwa umekwisha kusema, na hakusikilizwa hadi mwisho yule aliyeusikia. Baada ya msiba ule jeshi la majini la Marekani liliweka utaratibu mpya: kila kipande kinachozuia bahari kiwe na maandishi ya nani alikitengeneza, kwa chuma gani, na nani alikikagua.

Hapa Kivukoni maandishi hayo hatuna kwa mashua za mbao. Tuna fundi mwenyewe, jina lake na heshima yake, na mvuvi anayerudi kumlalamikia mashua ikivuja. Vivuko vya Kigamboni ni vya chuma. MV Kazi kiliundwa na Watanzania, kampuni ya Songoro Marine, na maelfu huvuka kila siku juu ya kazi ya wachomeleaji wasiowajua.

Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI, kiko Barabara ya Sokoine, si mbali na ufukwe huo. Nawaomba walimu wake wawapeleke wanafunzi wa uhandisi wa meli wakakae na mafundi wa kalafati, wapewe patasi na nyundo, na wasipewe cheti mpaka mashua waliyoiziba imekwenda baharini na kurudi kavu.