Fundi Asiyeamini Kabla ya Kupima

Mashine ya kiwandani ikizima ghafla, macho yote humgeukia fundi wa elektroniki, na swali huwa moja: itawaka saa ngapi? Ni swali la haki, maana kinu kilichosimama hula mishahara bila kutoa unga. Lakini limetuzoesha kuupima ufundi huu kwa kasi ya kung'oa bodi na kupachika nyingine, ilhali uhodari wake uko kwingine. Tumezoea kuona kujilinda na umeme kuwa kanuni ya kuchosha, na kutafuta hitilafu kuwa ndio ufundi wenyewe. Mimi nashikilia kwamba yote mawili ni tabia moja: kutoamini jambo lolote ambalo halijapimwa.

Tuchukue kidhibiti kasi cha mota, kisanduku kinachoendesha kinu, pampu au mkanda wa kubebea magunia. Umeme wa fezi tatu wa volti 400 ukiingia humo hugeuzwa kuwa mkondo mnyoofu wa takribani volti 565 na kuhifadhiwa katika kapasita. Fundi anapozima swichi kuu, akaifunga kwa kufuli na kutundika kibao cha onyo, amezuia umeme mpya usiingie. Ule uliokwisha kuingia bado umo. Ndiyo maana kwenye kifuniko huandikwa dakika za kusubiri, mara nyingi kati ya 5 na 15. Hata hivyo, dakika hizo huhesabiwa kwa kifaa kizima, na fundi ameitwa kwa kuwa humo ndani kuna kibovu. Taa ya onyo iliyozimika nayo si ushahidi, kwani taa pia huungua. Kwa hiyo hupima, na mita yenyewe haiamini bure: huijaribu mahali penye umeme anaoujua, hupima kapasita, kisha huirudisha pale pa kwanza kuhakikisha haikufa katikati ya kazi. Akiiacha kwenye kipimo cha mkondo geu, mita nyingi zitamwonyesha karibu sifuri huku mamia ya volti yakingoja kidole chake.

Umakini huohuo ndio unaofichua chanzo cha hitilafu. Bodi iliyoungua inaonyesha mahali madhara yalipoishia, wala si lazima yawe yameanzia hapo. Transista za nguvu zilizopasuka huenda ziliuawa na kebo ya mota iliyochubuka, skrubu iliyolegea, au feni iliyokabwa na vumbi la unga. Kapasita iliyovimba kichwa nayo ina lake la kusema: wahandisi hukadiria kwamba joto likiongezeka kwa nyuzi 10 za Selsiasi, maisha ya kapasita ya aina hiyo hupungua kwa nusu, hivyo anayeiona imevimba hana budi kukagua njia ya hewa. Katika miji kama Tanga au Mombasa, chumvi ya bahari huila shaba ya bodi polepole, na bodi mpya itakayowekwa katika sanduku lilelile lisiloziba itaoza vilevile. Hata kipimo kina masharti yake. Uzima wa nyaya za mota hupimwa kwa mega, yaani mita ya kupimia uhami wa nyaya, inayotoa volti 500 au 1,000, lakini asiyeitenganisha kwanza kebo na kidhibiti anaweza kuiua kwa mkono wake bodi aliyokuja kuiokoa.

Bodi mpya nayo haiaminiwi kwa upya wake. Mwili wa binadamu kwa kawaida hauhisi mshtuko wa umeme tuli mpaka ufikie volti 3,000 hivi, ilhali vijenzi vingine huharibika chini ya volti 100. Fundi asiyevaa mkanda wa mkononi uliounganishwa na ardhi anaweza kujeruhi bodi bila kuhisi lolote. Jeraha hilo si lazima lionekane siku hiyo. Laweza kujitokeza miezi baadaye. Kisha kuna namba ya bodi, swichi zake ndogo, na vigezo vya programu. Kiwango cha ampea cha mota kikiwekwa juu kuliko kinachostahili, mashine itawaka vizuri na kila mtu atapiga makofi, huku mota ikiwa imepoteza kinga yake.

Wako watakaosema kwamba huku ni kupoteza muda, na kwamba fundi mzoefu hulijua tatizo kwa kulitazama. Uzoefu ni hazina, siukatai. Lakini kazi yake ni kumwonyesha fundi aanze kupima wapi, si kumwondolea haja ya kupima. Na dakika 15 za kusubiri ni chache mno zikilinganishwa na siku za kungoja bodi ya pili iagizwe kutoka nje baada ya ya kwanza kuungua palepale. Wengine watasema bodi za leo zina vijenzi vidogo mno, hazitengenezeki, basi mtu abadilishe tu aende zake. Pingamizi hili lina uzito zaidi, na mara nyingi kubadilisha bodi nzima ndiko busara. Lakini hilo linazidisha haja ya uchunguzi: kadiri bodi inavyokuwa ghali na ngumu kutengenezwa, ndivyo inavyokuwa hasara kuitupa mdomoni mwa kilichoiua ile ya kwanza.

Wenye viwanda, basi, wabadilishe swali. Badala ya kuuliza mashine itawaka saa ngapi, waulize ilizima kwa nini, na fundi ana kipimo gani cha kulithibitishia jibu lake. Wampe kufuli lake mwenyewe, mita ya kuaminika na muda wa kuandika alichokikuta, ili fundi wa zamu ijayo asianze gizani. Fundi anayesema "bado sijapima" wakati bosi amesimama mlangoni anastahili heshima kuliko anayewasha mashine kwa kubahatisha, kwa sababu neno hilo moja linalinda uhai wake na mali ya tajiri wake kwa pamoja.