Jina na Haki

Sheria hupimwa kwa maneno yake, kama shairi lipimwavyo kwa mizani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yaamuru kila mwenye ulemavu aitwe na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Ni neno jema: kijana wa Nakuru ambaye akili yake yakua polepole asiitwe punguani, sokoni wala shuleni. Lakini kifungu cha 83 chamnyima kura yeyote aliyetangazwa kuwa hana akili timamu, wala hakisemi utimamu huo hupimwaje. Tangazo hilo laweza kumwangukia kijana yuyo huyo. Hapo pana dosari. Watetezi wake wadai vyote viwili, jina na kura, kwani heshima isiyo na sauti ni nusu ya heshima.