Akiba ya dharura ya Masama: chakula kije mwisho

Orodha za vifaa vya dharura zinazosambazwa duniani zinafanana sana: maji ya siku tatu, vyakula vya makopo, tochi, redio, sanduku la huduma ya kwanza. Anayeishi ghorofani katika jiji la mbali ana sababu ya kuanza na makopo. Kaya ya Masama, wilayani Hai kwenye mteremko wa Kilimanjaro, haina. Mvua ikipiga siku nne mfululizo na barabara ya kushuka Bomang'ombe ikafungwa, mkungu wa ndizi bado uko nyuma ya jiko, magimbi yako kando ya mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia, na viazi vikuu viko ardhini vinangoja jembe. Vinavyokatika mapema ni njia, maji safi, umeme na mawasiliano, na akiba ya dharura ipangwe kwa kufuata hayo.

Wazee walipanga hivyo bila orodha. Ndani ya nyumba ya nyasi ng'ombe walilala upande mmoja, watu upande mwingine, moto katikati, na juu ya moto palikuwa na dari. Kuni, mahindi na ulezi vilikaa huko. Moshi wa kila siku ulivikausha na kuwafukuza wadudu. Ulezi ulithaminiwa kwa sababu unakaa miaka bila kubunguliwa, na ndio huohuo uliotoa kimea cha mbege. Ufundi uko hapo: akiba ya njaa na pombe ya sherehe vilitoka ghala moja, kwa hiyo akiba ilichotwa na kujazwa muda wote, wala hapakuwa na nafasi ya kuisahau. Ndizi za kitarasa nazo zilimenywa, zikaanikwa, zikasagwa unga. Kwa hatari ya vita kulikuwa na mahandaki, ambayo mgeni huonyeshwa mpaka leo kule Marangu.

Begi la dharura la kisasa linashindwa hapo hapo penye kusahaulika. Linanunuliwa kwa hofu, linapandishwa juu ya kabati, na baada ya mwaka mmoja au miwili betri zimevujia ndani ya tochi na dawa zimepita muda. Ndiyo maana sipendi vifaa vinavyouzwa vikiwa seti, hata kama ni bei nafuu. Tochi ya dharura iwe ileile ya kwendea zizini usiku. Dawa za presha na sukari zinunuliwe wiki moja kabla hazijaisha, mpya iingie nyuma na ya zamani itumike kwanza. Hapo kaya ina akiba ya siku saba bila kutenga hata shilingi ya ziada, ukiacha ile ya mara ya kwanza.

Tuje kwenye maji, maana hapo ndipo hesabu nyingi zinapokosewa. Masama ya juu ina chemchemi, na mradi kama wa Losaa-KIA unashusha maji kwa mserereko hadi tambarare. Umeme ukikatika, bomba la mserereko linaendelea kutoa. Tope ndilo lisilozuilika: mvua kubwa ikichafua chanzo, au udongo ukiporomoka na kukata bomba, kaya inabaki na kile kilichomo ndani ya nyumba.

Chukua kaya ya watu 4. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika ya misaada, vinataka angalau lita 15 kwa mtu kwa siku. Kwa siku 3 hizo ni lita 180, yaani madumu 9 ya lita 20. Ni wachache watakaoweka madumu 9 sebuleni. Afadhali kutenganisha. Maji ya kunywa na kupikia, lita 4 kwa mtu kwa siku, ni lita 48 kwa siku hizo tatu, na hayo ndiyo ya kuhifadhi ndani. Yaliyobaki yatoke kwenye bati. Milimita 1 ya mvua juu ya mita ya mraba 1 ya paa ni lita 1. Paa la mita za mraba 60 likipata milimita 20 usiku mmoja, hizo ni lita 1,200. Toa yanayoruka na kumwagika, bado simtanki la lita 1,000 linakaribia kujaa. Mvua ya masika kwa kawaida haipungui huku. Kinachopungua ni gata, na nyumba nyingi nzuri za bati zinamwaga utajiri huo kwenye misingi yake.

Kidonge kimoja cha WaterGuard kinatibu lita 20, kisha unasubiri nusu saa. Ila hakifanyi kazi vizuri kwenye tope. Acha maji yatulie, yachuje kwa khanga safi iliyokunjwa mara kadhaa, na yakibaki na ukungu tia vidonge viwili. Kuelekea Rundugai, kule tambarare, kuna shida nyingine, floraidi, ambayo kidonge hakiigusi na kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe inazidi kukolea. Huko maji ya paa yana faida maradufu.

Kisha kuna uzito. Dumu la lita 20 ni kilo 20, na vijana wengi wako Arusha na Dar es Salaam. Aliyebaki nyumbani ni bibi na mjukuu wa darasa la tatu. Maji yao yakae kwenye madumu ya mafuta ya kula ya lita 5.

Begi la kukimbia nalo ni jambo jingine kabisa, na liwe dogo. Katesh, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang' alfajiri na kuua watu zaidi ya 80. Saa kama hiyo huchagui vitu. Ndani ya begi viwemo vitambulisho vya NIDA, kadi za bima na za kliniki, karatasi za kihamba (shamba la ukoo), vyote ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na picha zake zitumwe mapema kwa mtoto aliye mjini. Weka na noti ndogondogo: wakala asiye na mtandao hakusaidii. Kiberiti kikae kwenye chupa ya mfuniko. Na kwa wanaobaki nyumbani, jiko la mkaa lisiingizwe chumbani hata baridi ikizidi, kwa sababu hewa yake inaua watu wakiwa usingizini.

Kifaa ambacho sijakiona kwenye orodha yoyote ni jembe, pamoja na viroba vya kujaza mchanga. Nyumba nyingi za Masama zimekaa chini ya mfongo, na mfongo uliofurika unakata kingo na kulowesha mteremko mzima. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo la mvua kubwa, ndio wakati wa kupanda kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, na kufunga maji yasiingie mfongoni. Ikifika tahadhari, ngazi iliyo juu ya angalizo, njia ya kwenda huko inaweza kuwa imeshateleza mno. Kazi hiyo haifanywi na kaya moja. Namba ya msimamizi wa mfongo iandikwe ukutani kwa kalamu ya wino, chini ya 114 ya zimamoto, ili hata simu ya kuazima ifae.