Artikle 16 inauliza pasporti, haiulizi mwenye shamba

Wandugu, kila tukizungumza hapa juu ya bei ya udongo, tunaishia kwa mgeni: Muchina amenunua, Muzungu amenunua. Halafu mutu mumoja anaandika: "Lakini sheria inakataza!" Ni kweli. Sheria ya kilimo ya tarehe 24 Desemba 2011, artikle 16, ilisema konsesio ya kilimo ni ya Mukongomani, ao ya sosiete ambayo sehemu kubwa ya mali yake iko mu mikono ya Leta ao ya Wakongomani. Ku fakulte tuliipigia makofi. Leo naisoma tena, naona inajibu swali ambalo si lenye kuumiza watu wa huku kwetu.

Kwanza, neno "kuuza". Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973, artikle 53, inasema udongo ni mali ya Leta na hauuzwi. Basi kule ku barabara ya Kasenga ao ya Kipushi, zile dola wanalipa kwa hekta ni bei ya nini? Ni bei ya sinyatiri. Shefu wa mila anapata yake, ofisi inapata yake, mwenye kupima anapata yake. (Mwenye kupima njo miye. Kisha lisansi, kazi ingine haikuonekana.) Rutuba haimo mu hesabu. Tunaujua udongo wetu mwekundu: asidi nyingi, fosforasi kidogo, bila chokaa na mbolea, mahindi inatoka manjano. Lakini bei inapanda kufuata kaburimbo, waya za umeme, na maneno ya kwamba chini kuko kobalti.

Na wanunuzi? Mu mashamba yote niliyopima, hakukuwa jina la mgeni hata moja ku karatasi. Walikuwa Wakongomani wenzetu, batu ba mu muji. Kama nyuma yao kuko mwenye makuta mwingine, artikle 16 haina macho ya kumuona.

Siku moja nilipokuwa napima, katikati ya kipande nikakuta mama analima muhogo na karanga. Akaniuliza kama natoka ku projeti ya mbolea. Sikumujibu vizuri. Ku kroki niliandika kile mteja alichosema: "udongo mutupu".

Neno hilo si letu. Tarehe 1 Julai 1885 Leta ya Leopold II iliandika kwamba udongo mutupu wote ni wake. Mu 1900 Comité Spécial du Katanga ikaanza kuusimamia. Sheria ya 1973 ilijaribu kidogo: artikle 389 iliahidi kwamba haki za watu wa vijiji zitapangwa na ordonansi ya Rais. Miaka 40 ikapita, ordonansi haikutoka. Shimo kubwa njo hilo, na mama wa karanga alikuwa amesimama ndani yake.

Tena, karatasi ya Kikongomani haichungi kitu yenyewe. Bukanga Lonzo, 2014: hekta 80.000, Leta yenyewe ndani, pamoja na sosiete ya Afrika Kusini. Mu 2017 ilikuwa imeanguka.

Wale wenye kutaka artikle 16 ifutwe ili makuta ya inje iingie, nao siwafuati. Wanasema tunakula bukari ya Zambia, na Zambia ikifunga mupaka bei inapanda Lubumbashi. Kweli. Lakini Gavana Katumbi aliomba kila sosiete ya madini ilime hekta 500. Zile sosiete zilikuwa na makuta, na nyingi na wenyewe wa inje. Mbona tungali tunangojea malori ya Kasumbalesa?

Sasa ku kroki zangu naandika ninachokiona: "muhogo, mwaka wa pili, mama na watoto". Mwezi uliopita mteja alikataa kulipa nusu iliyobaki mpaka nifute. Sijafuta, na hajalipa. Wandugu wenye kutumika ku kadastra, mutuambie hapa: maneno kama hayo yakifika ku meza yenu, yanaendaga wapi?